Kuhusu ubishi wa vifaru, na ombi langu kwa Mzee

Moshi, Pasua

Ndugu yangu Deo,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi tu wazima, na shemeji yako anakusalimu. Ubishi tuliouacha kwenye sherehe ya Kileo ndio ulionikalisha kitako kukuandikia, maana Shirima bado anatangaza mjini kwamba kifaru cha vita kimekwisha kazi na kwamba yeyote mwenye bazuka begani anaweza kukiyeyusha kama siagi.

Kwanza, hakiyeyushwi. Kichwa cha kombora la RPG-7, silaha ambayo Wasovieti waliipokea jeshini mwaka 1961, kina koni ya shaba ambayo nyuma yake kumeshindiliwa baruti. Baruti inapolipuka, koni hiyo hubinywa ikawa mchirizi mwembamba unaokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde, nao hutoboa chuma kwa mgandamizo, si kwa joto. Kwa hiyo kombora lenyewe halihitaji kwenda kasi sana, na askari mmoja anaweza kulirusha kutoka begani. Wajerumani wa mwaka 1918 hawakuwa na ujanja huo. Waingereza walikuwa wameingiza vifaru vitani huko Somme nchini Ufaransa tarehe 15 Septemba 1916, na jibu la Wajerumani likawa bunduki ya Mauser ya milimita 13.2, yenye teke la kumuumiza bega mpigaji mwenyewe.

Shirima hataki kusikia habari ya umbali, na hapo ndipo ninapomkatalia. Panzerfaust za mwanzo, silaha za Wajerumani za kupigia vifaru katika Vita Kuu ya Pili, zilifika mita 30 hivi, yaani hata nusu ya upana wa uwanja wa mpira haifiki. Sasa jibanze shimoni usubiri chuma hicho kikukaribie! Tena ukikipata, huenda kisiharibike: Julai 1950, huko Osan nchini Korea, Wamarekani walivipiga vifaru vya T-34 kwa bazuka za milimita 60, navyo vikapita. Ni kweli kwamba Oktoba 1973 Wamisri waliovuka Mfereji wa Suez waliteketeza vifaru vingi vya Waisraeli kwa RPG-7 na makombora ya kuongozwa kwa waya, lakini vingi kati ya hivyo vilikuwa vimekimbizwa mbele bila askari wa miguu wa kutosha. Kilichokwisha kazi, kwa maoni yangu, ni kifaru kinachotumwa peke yake.

Ndiyo maana namhitaji Mzee wako, aliyekuwa Lukaya, Uganda, Machi 1979 katika vita vya kumng'oa Idi Amin. Mpe shikamoo yangu, kisha umuulize kwa upole, asipotaka usimlazimishe: vifaru vya Walibya waliomsaidia Amin vilipokuja kwenye lile tuta la barabara katikati ya kinamasi, vilikuwa na askari wa miguu ubavuni? Vijana wetu waliviacha vikaribie kiasi gani kabla ya kupiga? Yeye mwenyewe alibeba nini? Je, utakuja Desemba, au nimtume Shirima huko Bukoba akabishane naye ana kwa ana?

Wako,
Elia