Sampuli ya kipodozi isitenganishwe na maandishi yake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niseme neno kuhusu sampuli za vipodozi, yaani vile vipakiti na vichupa vidogo vya kujaribia ambavyo wengi wetu hapa Lubumbashi tunaviita eshantiyo. Nina saluni ndogo katika komini ya Katuba, na kwa miaka kadhaa sasa uso wangu na nyuso za wateja wangu zimepitia sampuli nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu. Ombi langu ni kwamba mtu yeyote asimpe wala asimuuzie mwenzake kipodozi cha kujaribu ambacho kimetenganishwa na maandishi yake. Nitaeleza nilivyofika hapo, kwa sababu mwanzoni mimi mwenyewe niliyatupa maandishi hayo.

Mdogo wangu anaishi Ubelgiji. Huko, kama ilivyo Ufaransa na Marekani, mtu hulipa ada kila mwezi akaletewa nyumbani kisanduku chenye sampuli nne au tano za mafuta ya uso, sabuni, rangi ya mdomo, wanja au marashi. Biashara hii ni changa. Kampuni ya Birchbox ilianzishwa New York mwaka 2010 na wanawake wawili waliosoma pamoja Harvard, ada ikiwa dola 10 kwa mwezi, na mwaka uliofuata Glossybox ikaanza Berlin. Watengenezaji wa vipodozi hutoa sampuli hizo wakitumaini kwamba atakayezipenda atanunua chupa kamili, na ni vizuri anayezipokea alijue hilo tangu mwanzo. Mdogo wangu hupata vingi visivyomfaa, hasa poda za watu weupe na mafuta yenye harufu kali, na badala ya kuvitupa huvikusanya na kumpa msafiri anayekuja nyumbani. Vinapofika, tunagawana wanawake saba wa likelemba yetu, yaani kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, Jumapili baada ya misa, sebuleni kwangu.

Kifurushi cha kwanza kilitufikia mwezi wa sita, katikati ya kiangazi, wakati vumbi la mji wetu na baridi ya alfajiri huikausha ngozi mpaka midomo ikapasuka. Tulifungua kila kitu jioni ile ile. Nilinawa kwa sabuni yenye asidi ya salisiliki, nikapaka maji yenye asidi ya glikoliki, juu yake nikaweka mafuta mawili tofauti, kisha poda, kwa kuwa vyote vilikuwa vizuri machoni na vilinukia vyema. Siku ya pili mashavu yaliwasha, na siku ya tatu vipele vikaota kuanzia kidevuni hadi masikioni. Jambo lililoniumiza kuliko vipele vyenyewe ni kwamba sikuweza kujua ni kipi kati ya vitano kilichonidhuru. Niliviacha vyote, pamoja na vile ambavyo huenda vingenifaa.

Katika kila kisanduku cha namna hiyo huwa na kadi. Kadi hiyo hutaja kila kilichomo, kazi yake, namna ya kukitumia na bei ya chupa kamili. Mdogo wangu alikuwa akiitupa kadi, na pamoja nayo vikasha vya karatasi vilivyozunguka vichupa, ili mzigo wa msafiri upungue, nasi hatukuona tumekosa nini. Tuliona katika kifurushi cha tatu. Mmoja wetu alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na sehemu aliyoangukiwa nayo ilikuwa na kichupa cha mafuta ya usiku. Kwa bahati, kichupa kile kilikuwa kimesalia ndani ya kasha lake, na mwenzetu aliye muuguzi akasoma orodha ya viambato na kukuta neno retinoli. Retinoli ni ya jamii ya vitamini A, na wajawazito hushauriwa kuiepuka. Aliichukua mkononi mwa mwenzetu bila kusema mengi. Tangu siku hiyo mdogo wangu hupiga picha ya kadi na ya kila kasha na kunitumia kwenye simu kabla msafiri hajaondoka, na kitu kisicho na picha hakigawiwi.

Nimejifunza pia kwamba sampuli inaweza kujibu maswali machache tu, na kosa letu kubwa ni kuiuliza maswali yasiyo yake. Kipakiti cha mililita mbili kitakuambia kama mafuta yanawasha, kama harufu yake unaivumilia, kama rangi yake inalingana na shingo yako. Hakitakuambia kama madoa yataondoka. Ngozi ya mtu mzima huhitaji takribani majuma manne kujifanya upya, na krimu ya kukinga jua, ikipakwa kwa kipimo kinachotumiwa na wanaoipima, yaani miligramu mbili kwa kila sentimita mraba, hutaka karibu gramu moja kwa uso peke yake, hivyo kipakiti hicho huisha kwa mara mbili. Mteja anaponiambia, “Dada, nilijaribu siku mbili nikang’aa,” ninamjibu kwa upole kwamba alichokiona ni mafuta yaliyolala juu ya ngozi.

Siku hizi tunajaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tunapaka kidogo kwenye kiwiko upande wa ndani, mahali pale pale, asubuhi na jioni, kwa juma zima inapowezekana, kwa maana mzio wa ngozi mara nyingi hujitokeza baada ya siku mbili au tatu, wakati mtu amekwisha kujiambia kwamba yu salama. Kisha tunaandika kwenye daftari: jina, tarehe ya kufungua, nani alipaka, nini kilitokea. Wanja na rangi ya mdomo hatuzungushi tena kutoka mtu hadi mtu, kwa sababu macho mekundu husafiri kwa kijiti cha wanja kwa wepesi kuliko kwa mkono, na wanja wa maji uliofunguliwa hautakiwi kupita miezi mitatu.

Kuhusu rangi, sina budi kusema ukweli kwamba sampuli nyingi za faundesheni zinazotufikia hazikutengenezwa kwa kututazama sisi. Mwaka 2017 Fenty Beauty, chapa ya vipodozi ya mwimbaji Rihanna, ilipotoka na rangi 40 kwa pamoja, wengine walilazimika kuongeza zao, na mabadiliko hayo tumeyaona hadi kwenye vifurushi vyetu. Hata hivyo bado napokea vipakiti ambavyo juu ya ngozi yetu huwa kama majivu. Krimu za kukinga jua zenye oksidi ya zinki au ya titani nazo huacha weupe, na wengi huziacha kwa sababu hiyo, jambo ninalolisikitikia, kwa maana jua la nyanda hizi za zaidi ya mita 1,200 si la kudharauliwa, hasa kwa mwenye madoa meusi yanayokolea kila anapotoka nje.

Lakini faida kubwa niliyoipata katika sampuli hizi ilitoka kwenye orodha za viambato. Chupa kamili za vitu vile kwa kawaida hazipatikani hapa, na zikipatikana bei yake ni mshahara wa mtu. Nilipoanza kusoma makasha, niliona kwamba mafuta mengi yaliyonifaa wakati wa kiangazi yalikuwa na gliserini karibu na mwanzo wa orodha. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, isipokuwa vile visivyofika asilimia moja, ambavyo huweza kufuata mpangilio wowote, kwa hiyo nafasi ya neno katika orodha ina maana. Gliserini inauzwa katika duka la dawa hapa mjini kwa bei ya mkate. Siku hizi ninaichanganya na maji kidogo na kuipaka ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, kisha juu yake vaselini nyembamba, na wateja wangu kadhaa wameniambia kwamba kiangazi kilichopita ngozi zao hazikupasuka. Sampuli iliyokuja bila kasha isingenifundisha hilo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika masoko yetu kumezuka uuzaji wa vipodozi vya kuchotwa. Muuzaji hufungua kopo kubwa, huchota kwa kijiko, hujaza vikopo vya plastiki visivyo na jina na kuviuza kwa faranga chache, akisema ni eshantiyo ya kujaribu kabla ya kununua kubwa. Naelewa kwa nini watu hununua. Mama mwenye watoto watano hawezi kutoa pesa ya kopo zima kwa kitu asichokijua, na hamu ya kujaribu kidogo kwanza ni hamu ya mtu mwenye busara. Tatizo ni kwamba kikopo kile kimenyang’anywa kila kitu ambacho kingemlinda.

Mtoto wa shangazi yangu alinunua kikopo cha namna hiyo ili kuondoa doa la chunusi. Kwa majuma mawili uso wake ulitakata mpaka sote tukamsifu, nami nilikuwa mmoja wao. Katika mwezi wa pili ngozi ya mashavu ikawa nyembamba hata mishipa ikaonekana, na kila alipojaribu kuacha, uso uliwaka na kuvimba. Nilimsindikiza kwa daktari wa ngozi. Swali la kwanza la daktari lilikuwa, “Umepaka nini?” Tuliweka kikopo mezani. Alikigeuza juu na chini akitafuta maandishi, akakinusa, akakirudisha. Alisema dalili zinafanana na za mtu aliyetumia steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, kama klobetasoli, lakini hakuweza kuwa na hakika, na kwa kutokuwa na hakika ilibidi aagize vipimo vingine, vya mkojo pia, ambavyo familia ililipia kwa kuuza mbuzi wawili.

Vipimo vya mkojo viliagizwa kwa sababu ya zebaki. Chumvi za zebaki zimetumiwa kwa miaka mingi katika krimu za kujichubua, nazo huharibu figo; mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wazima 60 waliokuwa wakipoteza protini katika mkojo, na 32 kati yao walikuwa wametumia krimu za namna hiyo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliotiwa saini Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vya kujichubua vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Haidrokwinoni, kiambato kingine cha kujichubua, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuiachia ngozi weusi wa bluu usiofutika kwa urahisi, iliondolewa katika krimu za urembo za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2001. Maneno haya yote matatu, zebaki, haidrokwinoni na klobetasoli, mtu anaweza kuyatafuta kwenye kasha. Najua wapo watengenezaji wanaoyaficha. Lakini hata kasha la mwongo lina jina na namba ya toleo, na kwa hizo daktari au mkaguzi anaweza kuanzia mahali fulani. Kikopo cha kuchotwa hakina pa kuanzia.

Ndugu zetu wauzaji, ambao wengi wao ni wanawake wanaolea watoto kwa biashara hiyo, sitaki wafukuzwe sokoni. Nawaomba walete vipakiti vilivyofungwa na mtengenezaji, kwani vipo na vinauzwa kwa jumla, na kama ni lazima wachote, waliweke kopo kubwa pamoja na kasha lake mbele ya mnunuzi na kumwacha apige picha ya maandishi kwa simu yake kabla hajalipa. Anayekataa kupigwa picha kopo lake, mnunuzi ajiondokee. Ndugu zetu walio Ulaya na Marekani nawaomba wasitupe kadi na makasha kwa kuokoa gramu chache.

Na ninyi wa gazeti nina ombi kwenu. Kuna michoro mitatu ambayo huhitaji kujua Kifaransa wala Kiingereza kuielewa: kikopo kilicho wazi chenye namba na herufi M, kinachoonyesha ni miezi mingapi kitu kitumike baada ya kufunguliwa, saa ya mchanga yenye tarehe, inayoonyesha mwisho wa kukitumia, na mkono juu ya kitabu, unaosema kwamba maelezo mengine yako kwenye karatasi iliyoambatanishwa, ambayo basi ni lazima iwepo. Mkiichapisha kwa ukubwa katika ukurasa mmoja, nitaikata na kuibandika kwenye kioo cha saluni yangu, mahali ambapo kila mteja hukaa akijitazama kwa zaidi ya saa moja.

Msomaji wenu,
Mwenye saluni, komini ya Katuba,
Lubumbashi