Wagonjwa wa mgongo waelezwe, wasipewe tembe tu

Kwa Mhariri,

Tangu video za watu wakinyooshwa shingo na migongo zienee kwenye simu, haipiti wiki bila mgonjwa kuniuliza kama kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha pingili za mgongo na shingo kwa mikono, inaponya. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Kisumu. Wengi ninaowahudumia ni wahudumu wa boda boda, akina mama wa soko la Kibuye na wakata miwa kutoka Muhoroni na Chemelil. Baadhi yao wamelipia kliniki za kibinafsi kwa pesa za kukopa, na wakirudi hospitali ya umma hukemewa kwa kupoteza pesa. Kukemea huko kunaniudhi, kwa sababu hakuna anayewauliza walichokipata huko.

Daniel David Palmer alipoanzisha kairopraktiki mjini Davenport, Marekani, mwaka wa 1895, alidai kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na pingili za uti wa mgongo zilizosogea. Dai hilo sayansi haikulikubali. Kwa maumivu ya kiuno, hata hivyo, mikono ina nafasi yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unataja kunyoosha pingili na kukanda misuli miongoni mwa tiba zinazoweza kutolewa kwa maumivu sugu ya kiuno, pamoja na mazoezi na maelezo kwa mgonjwa. Mwongozo huo huo haupendekezi mikanda ya kiuno, ambayo watu wetu wanainunua kila siku.

Kuhusu kuridhika, utafiti uliochapishwa mwaka wa 1989 katika jimbo la Washington, Marekani, uligundua kwamba asilimia 66 ya wagonjwa wa kiuno waliotibiwa na wanakairopraktiki waliridhika sana. Kwa waliokwenda kwa madaktari wa kawaida ilikuwa asilimia 22. Mwaka wa 1998 watafiti wakalinganisha makundi matatu: waliotibiwa kwa kairopraktiki, waliotibiwa na wataalamu wa viungo kama mimi, na waliopewa kijitabu cha ushauri tu. Nafuu ya makundi yote haikupishana sana. Lakini kairopraktiki na tiba ya viungo ziliridhisha karibu robo tatu ya wagonjwa, na kijitabu asilimia 30 hivi. Kisha utafiti wa kusini mwa California, uliotoka mwaka wa 2002, ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya wagonjwa wa kairopraktiki na wa madaktari ilitokana na jambo moja: mgonjwa alielezwa tiba yake na kushauriwa namna ya kujitunza.

Hilo tunaweza kulifanya hapa bila mashine yoyote. Mama amepanga foleni tangu alfajiri, anafika mezani, na kabla hajamaliza kusema maumivu yalianza lini, karatasi ya dawa imeshaandikwa. Hakuna aliyemgusa mgongo. Najua foleni ni ndefu na wahudumu ni wachache, lakini dakika chache zinatosha kumwambia, kwa Kijaluo au Kiswahili, kwamba maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki kadhaa, kwamba kulala kitandani mchana kutwa kunachelewesha nafuu, na kwamba mara nyingi eksirei haihitajiki. Aonyeshwe pia namna ya kuinua gunia.

Kuridhika peke yake, hata hivyo, si kinga. Kifua kikuu cha uti wa mgongo bado tunakiona, na mwenye nacho anahitaji dawa za miezi mingi. Mgongo wake haufai kubinywa. Anayekonda, anayetoka jasho usiku, anayekufa ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo aende hospitalini mara moja. Kuzungushwa shingo kwa nguvu nako, ingawa ni nadra, kumewahi kuhusishwa na kupasuka kwa mishipa ya damu na kiharusi. Kabla ya kulala kwenye kitanda cha mtu yeyote, muulize alisomea wapi na amesajiliwa na nani. Sisi wa tiba ya viungo tuna baraza letu la usajili tangu sheria ya mwaka wa 2014, na mgonjwa ana haki ya kuomba kuiona leseni.

Ninaiomba idara ya afya ya kaunti iwapeleke wataalamu wa viungo hadi vituo vya afya vya mashinani, ili mkata miwa wa Muhoroni asilipe nauli ya kuja mjini kila anapohitaji mazoezi. Na kila mgonjwa wa mgongo anapotoka aulizwe: je, umeelezwa unaumwa nini na utafanya nini nyumbani? Majibu yasomwe katika mikutano ya hospitali kila mwezi, wakuu wa vitengo wakiwepo.

Mtaalamu wa tiba ya viungo,
Kisumu