Risala ya Waendesha Baiskeli wa Kimara kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Baiskeli Duniani

Mstahiki Meya, Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, wazee wetu na ndugu wanachama,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, 3 Juni, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Karibu sana Kimara.

Mgeni Rasmi, sisi ni wauza mayai, wauza mikate, mafundi, wanafunzi na walinzi wa usiku. Baiskeli kwetu ni nauli. Mwenzetu wa Golani alikuwa akitoa shilingi 1,000 ya bodaboda kuja kupanda basi la mwendokasi Kimara Mwisho, na 1,000 nyingine jioni. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 52,000, na hapo hajalipia basi. Sasa hela hiyo inabaki nyumbani.

Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, tulifurahi kuona pembeni ya Barabara ya Morogoro kumewekwa na njia ya baiskeli. Kazi ile ilifanyika kwa mkopo wa Benki ya Dunia, deni ambalo Watanzania wote tunalilipa. Mwaka 2018 jiji letu la Dar es Salaam likapata Tuzo ya Usafiri Endelevu, nasi tukatembea kifua mbele.

Lakini Mgeni Rasmi, ukipita njia hiyo ya baiskeli saa 12:30 asubuhi utakuta bodaboda wanakwepa foleni humo humo, magari yameegeshwa, na meza za biashara zimepangwa. Wenye meza hatuwalaumu, wateja wao ndio hao wanaoshuka kituoni. Mwenzetu mmoja hubeba trei 10, mayai 300, amezifunga kwa mpira nyuma ya Phoenix yake. Akikuta njia imezibwa, huingia barabarani pamoja na malori. Machi mwaka huu lori lilimpita karibu mno, akayumba, akaanguka. Alishonwa kiwiko. Mayai hayakubaki hata trei moja, na deni lake analilipa mpaka leo.

Mgeni Rasmi, fedha ndiyo hoja yetu. Mwaka 2021 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Tunaomba barabara za mitaa zinazoingia vituoni ziwe na nafasi ya baiskeli tangu kwenye michoro, maana ukija kuiongeza baadaye utabomoa mtaro uliokwisha kujengwa. Na katika mapato ya ndani ya manispaa, tunaomba baiskeli ipewe fungu lenye jina lake, hata likiwa dogo. Lianze na maegesho yenye paa karibu na Kimara Mwisho. Ulinzi tutaufanya wenyewe kwa zamu.

Vijana wetu mafundi nao wanaomba mkopo kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, katika zile 4 za vijana, wafungue karakana. Katiba, muhtasari na akaunti ya benki viko tayari.

Mgeni Rasmi, mwenzetu wa mayai amekaa mstari wa mbele, na baiskeli yake iko pale mlangoni. Baada ya hafla tunakuomba dakika 10 tu, utembee naye hadi kituoni kwa njia ile ile.

Tunaomba kuwasilisha.