Deni la simu limeisha, kufuli linabaki la nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo Ngamiani hapa Tanga. Gazeti lako hupita kwenye baraza ya kahawa jirani yangu kabla halijafungiwa vitumbua, kwa hiyo matangazo ya simu za mkopo mnayoyachapa nayaona vizuri. Kianzio kidogo, marejesho ya kila siku, unaondoka na simu janja mchana huo huo. Sina ugomvi na matangazo hayo. Ugomvi wangu ni na jambo ambalo halitangazwi: siku mteja anapomaliza deni, nini kinatokea?

Kwa ninavyoona mezani kwangu, mara nyingi hakitokei kitu.

Nina mteja wangu mmoja, mama mchuuzi wa samaki. Hununua kwenye mnada pale Deep Sea, anapanga kwenye boksi la barafu, boksi linakwenda stendi ya Kange, basi linawafikishia wateja wake wa Korogwe na Lushoto. Biashara yake yote ni picha. Mnada ukianza anapiga picha nguru na changu, anazirusha WhatsApp, na mteja wa Lushoto anamwambia nichukulie huyu, yule mwache. Kwa kitochi kazi hiyo haiwezekani. Ndiyo maana alichukua simu ya mkopo: kianzio shilingi 60,000, kisha 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. Jumla yake ni 607,500. Dukani, simu hiyo hiyo kwa taslimu ilikuwa 380,000. Alijua. Mtu asiye na 380,000 za mkupuo hahitaji fundi simu wa kumfundisha hesabu, na mimi sikumfundisha.

Akalipa. Kuna wiki za kusi ambapo bahari ilichafuka, mnada ukawa hauna kitu, rejesho likapita siku. Simu ilijifunga usiku, asubuhi kioo kizima kimejaa maandishi ya kudai; haipigi, haifungui picha, inaruhusu namba za dharura tu. Laini akiitoa na kuitia kwenye kitochi cha mwanawe, miamala inapita kama kawaida. Kilichokwama ni picha na orodha ya wateja. Basi anakopa kwa shoga yake, anatuma, na kahawa haijapoa simu imeshafunguka. Hilo nalo sina neno nalo. Dawa ya deni kulipa, na yeye aliinywa mpaka tone la mwisho.

Ujumbe wa rejesho la mwisho ukaja: salio sifuri, asante kwa kuwa mteja wetu. Hazikupita wiki nyingi, mama akaamka alfajiri aende mnadani, kioo kinamdai. Huduma kwa wateja wakamwambia mfumo haujasoma malipo yake, asubiri. Duka alikonunua wakamwambia wao ni wauzaji tu, mambo ya kufungua yako Dar es Salaam. Akaniletea mimi, maana watu huamini fundi ana dawa ya kila kitu.

Wasomaji wanivumilie kidogo hapa, maana ndipo wengi wanapoliwa hela. Simu ya mkopo haifungwi na programu ya kawaida unayoweza kuifuta. Kila simu ina namba yake ya IMEI, tarakimu 15. Bonyeza *#06# utaiona. Anayekopesha huiandikisha namba hiyo kwenye mtambo wa watengenezaji wa simu au wa wenye mfumo wa Android. Hata ukiifuta simu ikawa kama imetoka kwenye boksi leo, ikipata intaneti tu inauliza kule, inaambiwa wewe una mwenyewe, na programu ya kufungia inajishusha upya. Kwa hiyo kijana anayekwambia nipe 30,000 niiflashi, anakuuzia raha ya siku chache. Wengine wanathubutu kuigusa IMEI yenyewe, na hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mimi siigusi, hata uniwekee laki mezani.

Nilimfungulia mama Mipangilio ya simu yake siku ambayo ilikuwa imefunguka kwa muda, nikamwonyesha sehemu ya programu zinazosimamia kifaa. Ipo, imekaa. Swichi yake imepauka, unaibonyeza, haiitikii. Fundi haiwezi, mwenye simu haiwezi. Anayeiweza ni mtu ofisini anayeitafuta ile IMEI kwenye orodha yake na kuiachia. Haihitaji spea wala bisibisi.

Sasa tazama, Mhariri. Kufunga kunafanywa na mtambo: saa sita usiku, Jumapili, sikukuu ya Idi, haukosei hata dakika. Kufungua baada ya rejesho la kila siku, ni mtambo huo huo. Ila kule kuachia kwa mwisho, ambako ndiko haki ya mteja, kumeachiwa binadamu, na binadamu huyo kila ukimtafuta ametoka. Mtambo unaojua kwamba unadaiwa 1,500 unashindwaje kujua kwamba hudaiwi kitu? Mimi sidhani unashindwa. Nadhani kufuli linaachwa palepale kwa sababu lina kazi nyingine.

Kazi hiyo ni simu ya pili. Deni likikaribia kwisha, mteja mlipaji mzuri hupigiwa: wewe mwaminifu, njoo uchukue kubwa zaidi, safari hii kianzio hatukutozi. Mama wa samaki alipigiwa. Yule dada wa huduma kwa wateja ambaye hakuwa na jibu la kufungua simu ya zamani, jibu la simu mpya alikuwa nalo mdomoni, na bei, na rangi. Mama akakataa. Mteja wangu mwingine, dereva wa bajaji wa Makorora, alikubali. Ile ya zamani, aliyokwisha kuilipia yote, akampa mwanawe wa sekondari. Ikaja masika, bajaji haiingizi, rejesho la simu mpya likachelewa. Zikafungwa zote mbili, ya baba na ya mtoto. Kwenye daftari la kampuni zote ziko chini ya jina moja, na ile ya kwanza hakuna aliyeiachia. Mtoto anabanwa kwa deni asilolila.

Mama alifunguliwa hatimaye. Mwanawe anayeishi Dar alikwenda ofisini kwao mwenyewe, boksi la simu mkononi, na ujumbe wa salio sifuri akiwa ameurushiwa. Kazi yenyewe, anasema, haikufika robo saa. Sasa asiye na mtoto Dar je?

Lipo kufuli la pili, na watu huyachanganya haya mawili. Hili ni la mtandao, halihusu kuchelewa rejesho. Huku kwetu tunalijua zaidi kwa simu zinazoletwa na ndugu walioko nje. Marekani kampuni za simu huuza simu kwa kuigawa bei kwenye bili ya mwezi, miezi 24 au 36, na kabla haijalipwa yote, mara nyingi simu hukubali laini ya kampuni hiyo tu. Ndugu anaituma Tanga kwa mapenzi, unatia laini ya hapa, simu inakataa. Kuna vijana wanauza kijichipu chembamba kama ganda la kitunguu, kinakaa chini ya laini na kuidanganya simu. Kinafanya kazi mpaka siku simu inasasisha mfumo, halafu mnaanza upya. Dawa yake ni ndugu amalize deni kule na aiombe kampuni iifungue. Kwa iPhone, kwenye ukurasa wa taarifa za simu upo mstari unaosema kama haina kizuizi cha laini. Mwambieni awatumie picha ya mstari huo kabla hajamkabidhi msafiri. (Na kuanzia iPhone 14, zinazouzwa Marekani hazina hata tundu la laini, zinataka eSIM, yaani laini isiyo na kadi, inayosajiliwa ndani ya simu yenyewe. Nimeletewa moja na mzee wa heshima zake, ameigeuza pande zote, ananiuliza mjukuu wangu, laini inaingilia wapi hapa?)

Nalitaja kufuli hili kwa sababu wenzetu wameshaliwekea utaratibu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2014 inayompa mteja haki ya kuifungua simu yake ahamie mtandao mwingine, na kampuni kubwa za kule zilijifunga kumshughulikia mteja aliyekamilisha masharti ndani ya siku mbili za kazi. Kanada tangu Desemba 2017 simu mpya lazima ziuzwe zikiwa wazi, na za zamani zifunguliwe bure. Uingereza nayo ikazizuia kampuni za mitandao kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Nchi zote hizo simu za kulipa kidogo kidogo zinaendelea kuuzwa.

Na sisi hatuanzi na mikono mitupu. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia hizi hizi IMEI. Foleni ya asubuhi yake kibandani kwangu siisahau. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao na namba yake ile ile. Haki hiyo inabaki nusu ikiwa namba inahama lakini simu niliyoilipia inakataa laini ya ninakohamia. Kuna pia namba 15090, unatuma IMEI unaambiwa kama simu ni halisi. Haikwambii kama inadaiwa. Anayenunua simu iliyokwisha kutumika, mkononi mwa mtu, pale Ngamiani anaweza kukuta ni halisi kabisa, akalipa, akaenda nayo Pangani, ikamfungia huko huko kwa deni la mtu asiyemjua.

Najua watakalosema wenye kampuni. Watasema wapo wateja wanaolipa kianzio tu kisha simu inavuka mpaka pale Horohoro, ndiyo kwaheri. Kweli wapo. Kufuli wakati deni lipo mimi naliunga mkono. Bila hilo hakuna ambaye angemkopesha simu mchuuzi wa samaki asiye na hati ya mshahara wala kiwanja. Wengine watasema fundi anatafuta soko. Soko ninalo. Chumvi ya bahari yetu inaua sistimu chaji za watu kila wiki, na vioo vinavunjika bila kungoja tangazo. Hizi simu zilizofungwa ndizo zinazonipotezea muda, maana mtu nakaa naye saa nzima kumweleza kwa nini siwezi, na bado anaondoka akiamini sitaki.

Ninachoomba kwa TCRA ni kanuni fupi. Rejesho la mwisho likiingia, kufuli liondoke lenyewe, kwa mtambo ule ule unaolifunga, na ikishindikana isizidi siku mbili za kazi. Mteja apelekewe ujumbe wenye IMEI ya simu yake unaosema haidaiwi, ambao anaweza kumwonyesha fundi, mnunuzi au polisi. Deni la simu mpya lisigusane kabisa na simu iliyokwisha kulipiwa. Na ile 15090, kama inawezekana, ijibu pia swali la deni. Kampuni nyingine zinazokopesha si za mitandao, wala si benki, kwa hiyo natabiri kutakuwa na kurushiana mpira kati ya TCRA na Benki Kuu. Mimi naona ni la TCRA, maana IMEI ziko kwao, lakini yeyote atakayelichukua, alichukue.

Kwa wenzangu wa Tanga mnaokaribia kumaliza: msitupe boksi, msifute ujumbe wa rejesho hata mmoja, na picha zenu zihamishieni pengine mapema, maana simu nyingine wakati wa kuachiwa hufutwa yote. Mkipigiwa kuhusu simu kubwa zaidi, mwambieni anayepiga aiachie kwanza hii iliyo mkononi, halafu ndiyo mwongee rangi.

Na kwa kampuni zinazolipia ukurasa mzima wa matangazo katika gazeti hili, naomba zijibu humu humu, kwa maandishi: rejesho la mwisho likiingia leo saa nne asubuhi, simu ya mteja wa Tanga inaachiwa saa ngapi, na ni nani anayeiachia? Jibu likitoka nitalikata na kulibandika kibandani, karibu na bei ya vioo.

Fundi simu,
Ngamiani, Tanga