Zuhura, naiomba ile fulana nyekundu

Pasiansi, Mwanza
12 Oktoba 2025

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. U hali gani, na watoto, na bibi wa Makadara, na miguu yako? Sisi huku alhamdulillahi. Mzee anakohoa kidogo kukipambazuka kwa huu upepo wa ziwa, lakini uji anamaliza. Salamu zako nilizipata kwa Batuli. Habari ya ile nyumba ya Kibokoni pia nimeisikia, ila hiyo tuiache siku nyingine, nikiianza leo sitaandika jambo lililonikalisha hapa.

Nina ombi. Kwenye simu nimeshindwa kulisema, maana tukianza na Batuli tunaishia kwenye bei ya nazi na salio linakatika. Basi nalisema kwa kalamu: Zuhura, naiomba ile fulana nyekundu. Ile yenye namba 41, uliyoivaa kwenye mbio zetu za kijiti. Najua iko kwenye sanduku la marehemu mama yako, chini ya kanga zake, na najua hujawahi kumpa mtu hata aishike. Usikasirike kwanza. Soma mpaka mwisho.

Mjukuu wangu Nyamizi amemaliza darasa la saba mwezi uliopita. Mwakani Januari, inshaallah, anaingia kidato cha kwanza, na baba yake anamtafutia shule ya bweni. Mtoto huyu anakimbia, Zuhura. Mwaka huu walimu wake walimpeleka kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi ya huku, ngazi ya wilaya, mita 400, akarudi nyumbani amevimba kwa hasira kwamba kwenye kona ya mwisho kuna mwenzake alimbana njia. Alikuwa anaeleza huku amekunja ngumi na kidevu kimeinuka, nami nikakuona wewe vile vile, uwanja wa manispaa, unabishana na mwamuzi mtu mzima mwenye filimbi shingoni.

Nikaamua nimshonee mfarishi wa viraka wa kwenda nao bwenini. Nimezitoa fulana zangu zote za mbio. Ipo ya chuo cha ualimu, imefifia mpaka maandishi yamebaki kivuli. Ipo ya kijani ya shule niliyofundisha, nilipokuwa nawapeleka wasichana mbio alfajiri kabla jua la Mombasa halijawa kali. Ipo ya Kilimanjaro Marathon, zile kilomita 21 za Moshi tulizokwenda na Mwalimu Tabu akaimba njia nzima. Ipo na ya Rock City Marathon ya hapa mjini, na hiyo Nyamizi ameiona nikiivaa.

Kazi yenyewe inataka subira. Fulana ni kitambaa cha kufumwa, kinavutika. Ukikiunganisha hivi hivi mshono unajikunja na mraba unageuka pembe nyingi. Kwa hiyo kila kipande nakibandikia kwa pasi kile kitambaa cha gundi ambacho mafundi hutia kwenye kola, ndipo nakata. Halafu sindano lazima iwe ya ncha butu, ile inayopita katikati ya vitanzi vya uzi bila kuvikata, la sivyo tundu moja linafumuka likawa mstari mzima. Ndani natia blanketi jepesi, chini kanga, napiga bandi kote kabla ya mshono wa kweli. Mama Kulwa na wenzake wanakuja alasiri barazani, wao na mashuka yao ya kudarizi, mimi na viraka vyangu, tunashona mpaka giza lituingize ndani. Uzi tunanunua mjini kule Makoroboi. Rangi za maua zipo za kila namna, lakini ile manjano ya kiini cha yai aliyoipenda mama sijaipata bado.

Viraka vyote vimeshapangwa. Katikati nimeacha wazi. Mama Kulwa aliuliza hapa panakuja nini, nikamwambia panasubiri mtu.

Sasa nikueleze siku zangu zinavyokwenda, maana uliniuliza mara ya mwisho sikukujibu. Kukimbia nimeacha, goti la kulia limekataa, na daktari ameniruhusu kutembea tu. Natembea. Natoka Pasiansi naishika barabara ya Makongoro hadi karibu na Kirumba, narudi. Upepo ukitoka Mwaloni unajua kabisa leo dagaa wameingia wengi. Unakumbuka nilipohamia nilikuandikia kwamba pumzi zimenipotea? Ziwa hili liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nasi mapafu yetu yalilelewa ufukweni. Kipande kidogo cha mlima kilikuwa kinanitoa jasho ambalo Mama Ngina Drive yote haikuwahi kunitoa. Siku hizi mwili umezoea, na ndiyo kwanza goti likagoma!

Watu ni wema. Mtaani naitwa Mama Mombasa, na watoto wanajua kwangu hakukosekani mahamri Ijumaa. Sato nampika wa kupaka, nazi ninunue kwa bei yoyote ile. Kinachonichosha ni kibali cha kuishi. Kila muda wake ukikaribia kwisha narudi kwenye karatasi, picha, foleni, mtu mzima niliyestaafu, mume wangu mwenyewe mtoto wa Sengerema, na bado naulizwa nimekuja kufanya nini. Nimekuja kuzeeka na mume wangu. Nililijibu hivyo hivyo dirishani na yule binti akaandika bila kuinua uso.

Kwa wakwe Sengerema sasa tunapita darajani. Daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa Juni mwaka huu, kilomita tatu juu ya maji, umepanda na umeshuka. Zamani tulikuwa tunasubiri kivuko, na foleni ile ndiyo niliyodarizia mito yote ya sebuleni. Mzee anafurahi kuliko mtu yeyote, anasema laiti mama yake angelivuka nalo.

Narudi kwenye fulana.

Unakumbuka Januari na Februari ya 1974, redio ya baba yako ilivyokuwa haizimwi? Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand. Sisi roho zote kwa Ben Jipcho. Mita 5,000 kachukua dhahabu, kuruka viunzi na maji kachukua dhahabu, tukaona na 1,500 ni yake. Akatokea Filbert Bayi wa Tanzania, akashika mbele tangu mwanzo, akakataa kurudi nyuma, dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa pili, Jipcho wetu wa tatu. Mzee hajaacha kunitajia mpaka leo. Mimi namjibu vile vile miaka yote: Jipcho alifika kwenye mbio zile na miguu iliyokwishabeba dhahabu mbili, Bayi hakuwa amebeba hata moja. Mwezi uliopita yakaanza upya. Mashindano ya dunia kule Tokyo, marathoni ya wanawake, nikakesha mimi, Peres Jepchirchir akashinda kwa sekunde mbili. Usiku wa pili akakesha yeye, Alphonce Simbu akamaliza saa 2:09:48 sawasawa na yule Mjerumani, ikabidi picha iamue, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Mzee alipiga kelele saa tisa usiku mpaka walinzi wa jirani wakamulika tochi ukutani kwetu. Tulikunywa chai usiku ule ule, sote wawili washindi.

Lakini Christchurch ninayoikumbuka zaidi ni ya Sabina Chebichi. Shaba ya mita 800, msichana wa shule kama sisi, mwanamke wa kwanza wa Kenya kuleta medali kutoka michezo ile. Na ile habari iliyozagaa kwamba huko kwao aliwahi kukimbia na shumizi kwa kukosa nguo ya mbio. Wakubwa pale barazani waliitumia kutusema: mnaona, mbio zinavua watoto wa watu heshima. Mama yako alikuwa amekaa na kofia yake pajani, kastabani kidoleni, akawaacha wamalize. Kisha akasema, wangu hatakimbia na shumizi maadamu nina sindano. Wiki ile ile akakushonea suruali ndefu ya kuvaa chini, akanishonea na mimi, akaketi na taa ya chemni akaidarizi namba yako.

Ndiyo maana sitaki fulana nyingine. Walimu walitupa namba za kitambaa za kubana na pini. Yeye akasema pini zitamchoma mtoto. Akaichora 41 kwa kaa la mkaa, akaijaza kwa uzi wa manjano, na kandokando akaizungusha vile vitobo vidogo vya kofia ya viua, kana kwamba ni kofia ya bwana harusi. Uliponyoosha mkono nyuma kuchukua kijiti kutoka kwangu, kitu nilichokuwa nakilenga ni ile manjano mgongoni. Nilikuwa sioni kingine, jasho limeniingia machoni, naikimbilia namba 41 tu. Nyamizi amenisikia nikieleza mpaka anajua wapi pa kunidakia maneno.

Nilipoanza barua hii nilikusudia nikuombe ruhusa ya kukata kile kipande chenye namba na kukurudishia fulana iliyobaki. Nimeandika mpaka hapa, mkono umekataa. Mkasi usipite karibu na kazi ya mama. Nimeinuka nikaenda kupima pale katikati, na inawezekana kabisa fulana ikae nzima, mgongo juu, mikono imekunjwa nyuma. Sitaibandikia gundi wala pasi. Nitatanguliza kitambaa chembamba cha pamba chini yake kibebe uzito, halafu niishikize pembezoni kwa mkono, mishono mikubwa iliyolegea, uzi wa pamba. Siku yoyote ukiitaka, au binti yako akiitaka, unakata uzi wangu unavuta, fulana inatoka kama ilivyoingia. Kila tundu la sindano yangu litakuwa kwenye pindo, hakuna litakalogusa namba.

Hivyo ndivyo ninavyoomba sasa. Na ukisema hapana, ni hapana, wewe ni ndugu yangu vile vile. Basi unifanyie hili moja: weka karatasi nyepesi juu ya namba, pitisha penseli polepole, kisha geuza fulana ndani nje uipige picha upande wa nyuma, mchana, karibu na dirisha. Upande wa nyuma ndio unaoonyesha uzi ulivyosafiri na mafundo alipoyafungia, na wanawake wa barazani kwangu hawajapata kuuona mshono ule.

Ukikubali, tafadhali usiifue. Usiitie sabuni ya unga hata kidogo. Itandaze kivulini itoke harufu ya sanduku, halafu bonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye pindo la ndani uone kama wekundu unachuja. Usiikunje kwenye mikunjo ile ile ya zamani, hapo ndipo nyuzi hukatika. Na usiitume kama kifurushi! Basi la Nairobi kuja huku kupitia Sirari linafika salama, lakini mizigo ya chini ya basi sina imani nayo, mwaka jana kanga zangu zilifika zimelowa samli ya mtu. Kijana wa Batuli anakuja Mwanza Novemba, yeye aibebe mkononi. Mwambie asiiweke na viatu.

Sasa nijibu. Fulana yenyewe iko salama, nondo hawajaiingia? Ule uzi wa manjano, mama aliacha masalio yoyote kwenye kikapu chake? Hata kipande cha urefu wa mkono kitanifaa kulinganisha rangi. Aliyekimbia wa pili siku ile alikuwa Khadija au Amina? Nimebishana na nafsi yangu wiki nzima, nataka majina yote manne yawe nyuma ya mfarishi na nisiandike la mtu ambaye hakuwepo. Mama aliwahi kukuambia kwa nini alichagua manjano? Unadhani angekubali? Wewe ndiye uliyemjua mpaka mwisho, mimi nilikuwa nimeshahama. Bado unatembea Mama Ngina jioni, au umewaachia vijana? Presha inasemaje? Yule mkwe wako amepata kazi? Na ile ahadi ya kuja kuliona ziwa, tuihesabu likizo ya Desemba au unanidanganya tena?

Nisalimie wote, na makaburini ukienda unisomee Fatiha kwa mama. Mzee anasema nikwambie Bayi alikuwa mbele tangu hatua ya kwanza. Mengine ya Kibokoni nipigie simu, lakini la fulana niandikie.

Wako,
Mwanasha