Goti la bandia: tuambiwe tunawekewa la aina gani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, kuna jambo limenikaa rohoni tangu mama yangu awekewe goti la bandia. Mama ana miaka 68, magoti yalisagika yote mawili, la kulia ndo lilikuwa baya zaidi mpaka mguu ukapinda, na nashukuru maana oparesheni yenyewe ilienda vizuri, kesho yake tu walimsimamisha na woka, kile kifaa cha kushikilia wakati wa kutembea. Shida ni kwamba hakuna aliyekaa na sisi kabla akatuambia wanaweka goti la aina gani na litamruhusu kufanya nini.

Wiki ya tano mama anatoka chumbani kwenda uani nikasikia goti linagonga, tak, tak, kila akipiga hatua. Akasimama, akashika ukuta, akaniambia "mwanangu, chuma kimeachia". Usiku ule hakulala, na mazoezi akaacha siku nne nzima kwa kuogopa. Tulivyorudi kliniki kijana mmoja wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo, ndo akachukua karatasi akatuchorea. Kumbe kuna magoti ambayo daktari anaiacha kano ya nyuma ya mgonjwa, ile kamba ya ndani ya goti inayoshika mifupa, na mengine kano hiyo inatolewa, badala yake katikati ya ile plastiki inayokaa kati ya vyuma panakuwa na kigingi kinachozuia mfupa wa chini usiteleze kurudi nyuma wakati wa kukunja. Mama kawekewa hili la kigingi, muundo ambao daktari Insall na mhandisi Burstein walianza nao New York mwaka 1978, na chuma na plastiki kugongana kidogo ni kawaida kama hakuna maumivu wala uvimbe. Maelezo ya dakika kumi tu! Tungepewa kabla, mama asingepoteza zile siku nne.

Akatuambia pia kuna nusu goti, kwa mtu aliyesagika upande mmoja tu na kano zake bado nzima, huyo anabakiziwa sehemu kubwa ya goti lake na mara nyingi anapona haraka zaidi. Na kuna lile ambalo upande wa ndani unazunguka palepale kama mchi kwenye kinu halafu upande wa nje ndo unateleza, wakiiga goti la asili linavyofanya. Ila nisidanganye watu wakaanza kukimbizana na majina, tafiti nyingi zilizolinganisha la kuacha kano na la kigingi hazikuona tofauti kubwa ya maumivu wala ya kutembea. Goti lilikuwa linakunja kiasi gani kabla ya oparesheni, na msuli wa paja unafanyiwa kazi kiasi gani baada yake, hayo yana uzito sana. Mwezi wa kwanza nguvu ya paja inaweza kushuka hata zaidi ya nusu, la mama lilinywea mpaka ukilishika unahisi mfupa. Alikuwa anaweka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, anakandamiza goti kuelekea kitandani, anahesabu kwa tasbihi, maana goti lisiponyooka lote mtu anachechemea hata liwe limetengenezwa vizuri vipi.

Sasa kwa sisi watu wa huku Pwani kuna la kukaa chini. Kutembea sehemu tambarare kunahitaji goti likunje kama digrii 60 na kitu, ngazi zinataka karibu 90, lakini kuchuchumaa ni 130 na kupanda, na mengi ya haya magoti yanaishia 110 au 120. Yapo yaliyotengenezwa makusudi yakunje zaidi, lakini yakilinganishwa na ya kawaida nyongeza inayopatikana mara nyingi ni ndogo. Tungejua hilo mapema tungejenga choo cha kukaa kabla mama hajarudi, badala yake tulihangaika wiki tatu na kiti cha plastiki tulichokitoboa katikati. Na swali lake la kwanza alipozinduka lilikuwa "nitasujudu?" na hakuna aliyemjibu. Saivi anaswali kwenye kiti, amekubali, ila alistahili kuambiwa kabla hajasaini.

Ombi langu kwa hospitali zetu ni dogo. Boksi la kifaa linakuja na stika zenye jina la kampuni, saizi na namba ya toleo, zinabandikwa kwenye faili. Mpeni mgonjwa nakala aondoke nayo. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa hesabu kwamba magoti kama 82 kati ya 100 yanafika miaka 25, sasa ndani ya miaka hiyo faili linapotea, daktari anastaafu, mgonjwa anahama mkoa, na siku plastiki ikilika daktari mpya atataka kujua humo ndani kuna nini.

Goti la kushoto limepangwa mwakani. Safari hii mama kasema hagusi kalamu mpaka aoneshwe kitu chenyewe, akishike mkononi.

Mtoto wa mgonjwa,
Tanga