Narudia LSAT: nivifanyeje vitabu vya mjomba?

Ndugu mshauri,

Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini, mama wa mtoto mmoja. Mume wangu anafanya kazi Toronto na mwakani inshallah tutamfuata. Nimetia nia ya kusomea sheria hukohuko, na vyuo vingi vya sheria vya Kanada vinataka alama za LSAT, ule mtihani wa Marekani wa kupima usomaji na uchambuzi wa hoja. Nimeshaufanya, nikapata 151. Alama zake ni kuanzia 120 hadi 180, na chuo ninachokitaka huchukua walio juu zaidi. Kurudia nimeshaamua, naomba ushauri nisome kwa kutumia nini.

Mjomba wangu, aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza, aliposikia narudia alinibebea boksi la vitabu vya LSAT kwenye basi kutoka Dar. Vimetunzwa vizuri, ila ni vya kabla ya Agosti 2024. Mwezi huo ndipo yalipoondolewa yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti kwa masharti kadha wa kadha. Chanzo ni kesi ya watahiniwa wasioona, waliolalamika kwamba mafumbo yale yanamlazimu mtu kuchora ndipo ayafumbue, na kwa kweli walikuwa na haki. Siku hizi zinazohesabiwa ni sehemu mbili za hoja na moja ya ufahamu, dakika 35 kila moja. Ipo na ya nne isiyohesabiwa, lakini ukiwa ndani ya mtihani huijui ni ipi.

Kwa hiyo karibu theluthi ya boksi lile haina kazi kwangu. Mjomba anasema mantiki ni mantiki, niyafanye yote yatanoa akili. Mimi muda wangu wa kusoma ni usiku mtoto akishalala, na Jumamosi asubuhi nikipata nafasi ya kwenda maktaba ya mkoa. Sioni vipi niutumie kwa kitu kisichoulizwa tena. Maswali ya hoja na ya ufahamu ya vitabu hivyo naamini bado yanafaa. Je, niko sawa?

Linalonikosesha usingizi zaidi ni majaribio. Yale ya bure ya LawHub, tovuti ya mazoezi ya waandaaji wenyewe wa LSAT, niliyamaliza yote kabla ya mtihani wa kwanza. Nikiyarudia napata alama nzuri sana, lakini ni kwa sababu majibu nayakumbuka, hivyo hazinionyeshi nimefika wapi. LawHub ya kulipia ni dola 120 kwa mwaka na ina majaribio zaidi ya 50, yaliyopangwa kwa mtindo wa sasa. Kozi za mtandaoni zina mwalimu anayefafanua kwa video, unalipa kila mwezi, na nyingi zinakutaka uwe umelipia LawHub vilevile. Kimoja nakimudu. Vyote viwili nitagusa hela ya matumizi ya nyumbani.

Kwenye hoja naendelea vizuri tangu nianze kuandika kwa Kiswahili, kila ninapokosa, kwa nini jibu langu limekataa. Ufahamu ndio unaonimaliza: vifungu vinne, kimojawapo kikiwa maandishi mawili ya kulinganisha, leo sheria, kesho sayansi, na mimi Kiingereza nakisoma kwa kurudi nyuma kila baada ya mistari michache. Mwalimu mwenzangu anasema niweke pembeni vitabu vya mtihani, nisome majarida ya Kiingereza kila siku mpaka kasi ije. Mume wangu anasema nifanye maswali tu na kuyachambua. Nina imani zaidi na njia ya mume wangu, ingawa kwenye ufahamu bado sijayaona matunda yake.

Nafasi za kurudia zina kikomo: mara tano ndani ya kipindi ambacho alama hutumwa vyuoni, na saba maisha yote. Vyuo huziona zote za kipindi hicho. Sitaki kuingia tena kwa kubahatisha.

Wenye uzoefu, nisaidieni. Nilipie LawHub peke yake, au mwalimu wa video ni wa lazima kwa mtu aliyekwama kwenye ufahamu? Majaribio mapya niyatumie tangu sasa, au mengi niyafungie hadi wiki za mwisho? Na mjomba nimwambieje bila kumvunja moyo? Kila Ijumaa akija kula huniuliza nimefika ukurasa wa ngapi.

Mwalimu, Chumbageni, Tanga